Tumejibana miezi mitano, mbona deni halishuki?

"Mimi na mume wangu tunaishi Umoja na watoto wawili, mmoja Gredi ya 5 na mwingine PP2. Yeye ameajiriwa kwenye ghala Industrial Area, mshahara unaofika mkononi ni 46,000. Mimi nauza nguo za watoto za mitumba Mutindwa, mwezi mzuri napata 28,000, mbaya 22,000. Tuna deni la Sacco 210,000 ambalo hukatwa kabla ya mshahara kufika, mikopo mitatu ya simu jumla 34,000, Fuliza ya 7,000 isiyoisha, friji ya lipa mdogo mdogo imebaki 18,000 na dada yangu ananidai 30,000. Tangu Januari tumejibana. Nyama mara moja kwa mwezi, waifai tumekata, natembea hadi kibandani, hata yule wa Gredi ya 5 tumemtoa kwenye chakula cha mchana cha shule. Kwa hesabu yangu tunaokoa 6,000 kila mwezi. Sasa ni Juni na deni halijashuka, limepanda. Mume wangu anataka tuongeze mkopo wa Sacco, 120,000, tulipe yote na zibaki za kuongeza stoki. Ana akiba ya 110,000 huko. Mimi naogopa. Usiku silali. Pia kila mwezi anamtumia mama yake 5,000 na hapo ndipo tunapogombana. Tunakosea wapi? Au tubane zaidi? Nimekutumia taarifa za M-Pesa za simu zote mbili, amekubali."

Dada yangu, kwanza mfikishie mume wako shukrani zangu. Mtu kukubali taarifa yake ya M-Pesa isomwe na mgeni si jambo dogo. Nilikuwa afisa wa mikopo kwenye Sacco kwa miaka mingi kabla ya kuanza kukaa na familia moja moja kupanga madeni, na nimeona nyumba ambazo simu hulala kifudifudi mezani usiku kucha ili mwenzake asione kinachoingia. Ninyi bado mko upande mmoja. Hilo litawasaidia kuliko hesabu yoyote nitakayokuandikia hapa.

Umeuliza kama mbane zaidi. Hapana. Mmebana vya kutosha, na mahali pengine mmebana pasipofaa. Tatizo ni kule pesa mliyoibana inakoenda.

Nilizichapisha taarifa zenu, nikachukua kalamu nyekundu, nikawa napigia mstari kila ada na kila riba, ya mkopo wa simu na ya Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa unaojazia salio likipungua), tangu Januari. Ile mikopo mitatu ni ya 15,000, 12,000 na 7,000, na kila mmoja unawatoza asilimia 15 kwa siku 30. Fuliza kwa wastani imewachukua 1,140 kwa mwezi. Januari hadi Aprili, kabla hamjachukua ule wa 7,000, mlikuwa mnalipa 5,190 kila mwezi. Mei ikawa 6,240. Ukijumlisha miezi hiyo mitano unapata 27,000. Na ninyi, kwa kunyima watoto nyama na kutembea juani, mmeokoa 30,000.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Jasho lenu limelipa ada, na deni lenyewe halijaguswa. Mkopo wa 15,000 mliochukua siku mbili kabla ya Krismasi bado ni 15,000 leo. Mmeulipia 2,250 mara tano, yaani 11,250, na bado mnadaiwa wote.

Nilivyofuata mistari ya Mei niliona jinsi jambo hilo linavyofanyika. Tarehe 22 unatakiwa 17,250, na mshahara wa mume wako huingia tarehe 28. Basi unachukua pesa za stoki, unaongeza Fuliza, jirani anakupa 2,000, unalipa. Dakika kumi na moja baadaye umekopa tena 15,000 kwenye apu ile ile, umemrudishia jirani na kufunika stoki. Kwenye simu inaonekana umelipa deni, na apu inakupongeza na kukuongezea kikomo. Kumbe umenunua siku 30 nyingine kwa 2,250. Watu wengi wa Nairobi hawajui kwamba hicho ndicho wanachokifanya, kwa sababu kila mara kuna ujumbe unaosema umemaliza kulipa.

Sasa nikurekebishe jambo moja ambalo karibu kila mtu huja nalo. Umeandika deni la Sacco kwanza, kwa sababu ndilo kubwa na ndilo linalokunyima usingizi. Hebu tulipime kwa gharama yake. Sacco ya mume wako inatoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, nimeona kwenye karatasi uliyoambatisha. Kwa hiyo 210,000 inawagharimu 2,100 mwezi huu, na mwezi ujao pungufu kidogo ya hapo, na hivyo hivyo kwenda chini. Ile 34,000 ya simu inawagharimu 5,100. Deni lililo chini ya moja ya sita ya lile lingine linakula zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana huwa siulizi mtu anadaiwa kiasi gani kabla ya kumuuliza kila deni linamtoza nini kwa mwezi. Andikeni madeni yenu upya kwa mpangilio huo, na mtaona adui ni mwingine kabisa.

Na kwa kuwa tumegusa salio linalopungua, hakikisheni kila mara mnaulizia neno hilo kabla ya kutia sahihi popote. Mkopo wa 100,000 kwa miezi 24 kwa asilimia 1 ya salio linalopungua, ukilipa sehemu sawa za deni kila mwezi, riba yake yote ni 12,500. Mwingine atakuambia naye anatoza asilimia 1 tu, lakini anaihesabu juu ya 100,000 yote hadi mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Huyo utamlipa 24,000. Asilimia ni moja, lakini riba ni karibu mara mbili.

Fuliza nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayokuumiza wewe zaidi ya mume wako. Unajua inavyofanya kazi: pesa ikipungua inakujazia, inakukata ada mara moja unapoitumia, kisha ada ya kila siku hadi ulipe, na shilingi yoyote itakayoingia kwenye M-Pesa yako inachukuliwa kwanza kabla hujaiona. Kwa mtu wa mshahara hiyo hutokea mara moja mwisho wa mwezi. Wewe ni mfanyabiashara, unaingiziwa pesa siku nzima. Kuna Jumanne moja ya Mei kwenye taarifa yako nimeizungushia duara. Saa nne na dakika kumi na nne mteja amekutumia 450 za sweta. Zote zimemezwa. Saa nne na nusu umelipa 120 kwa mama mboga, kwa Fuliza. Saa sita 600, zimemezwa. Saa saba umelipa 200 za mafuta ya kupima, kwa Fuliza. Jioni umeuza jumla ya 2,300 na umerudi nyumbani bila shilingi, ukiwa na deni lile lile.

Angalia kilichotokea hapo. Sweta ile uliinunua Gikomba, ilikuwa mtaji. Pesa yake ilipaswa kurudi Gikomba kununua sweta nyingine. Badala yake imelipa unga wa juzi. Ukifika wakati wa kufungua robota jipya mtaji haupo, na unaenda kwenye apu kutafuta stoki. Ndiyo maana sikubaliani na mume wako kwamba mnahitaji mkopo wa kuongeza stoki. Stoki mnayo, inaliwa nyumbani. Zitenganishe pesa kwanza. Wateja wakulipe kwa namba ya till au Pochi la Biashara, pesa za wateja zisikutane na za jikoni. Kila Jumamosi jioni hesabu ulichouza, toa gharama ya nguo zenyewe, toa kodi ya kibanda, na kinachobaki ndicho mshahara wako wa wiki hiyo. Hicho tu ndicho kinachovuka kuja nyumbani. Usishangae ukigundua si 28,000. Ni heri ujue.

Sasa twende kwa swali la mume wako. Je, muongeze mkopo wa Sacco? Yeye ana haki nusu, na wewe una haki nusu.

Yuko sahihi kwamba kuhamisha deni kutoka mahali linapotoza asilimia 15 kwa mwezi hadi mahali linapotoza asilimia 1 ni akili nzuri. Mikopo ya simu na Fuliza ni 41,000. Mkiiweka kwenye Sacco, riba ya mwezi wa kwanza ni 410 badala ya 6,240. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo akiba ya 110,000 inafika 330,000, na ninyi mtakuwa 251,000. Nafasi ipo.

Wewe uko sahihi kuogopa ile 120,000. Hilo ndilo kosa nililoliona likirudiwa kuliko yote nilipokuwa nikikaa upande wa pili wa meza. Mtu anakuja kufunga mikopo ya simu ya 40,000, anaona mfumo unamruhusu 120,000, anachukua yote. Analipa apu, anabaki na 80,000 mkononi, mwezi mmoja anapumua. Mwezi wa nne anarudi ofisini. Pesa imeisha, mshahara umepungua kwa sababu ya makato mapya, na zile apu zimefunguliwa tena kwa sababu kikomo chake kilipanda siku alipozilipa. Sasa ana madeni mawili badala ya moja. Wengi wao walikuwa watu wazima makini, wenye nidhamu kama ninyi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mchukue 41,000 pekee, bila shilingi ya ziada, na mzilipe siku pesa inapoingia, mkiwa wote wawili mmeketi. Siku hiyo hiyo futeni apu, na mjitoe kwenye Fuliza kupitia menyu yake, inawezekana ukishalipa salio lote. Ukiacha mlango huo wazi "kwa dharura", utarudi. Nasema hivyo kwa upendo.

Muda wa kulipa ndio utakaokushangaza. Wengi watakushauri ulipe haraka, miezi 12. Nimepiga hesabu zote mbili. Kwa miezi 12 mwezi wa kwanza mtakatwa 3,827, na riba yote ni 2,665. Kwa miezi 24 mtakatwa 2,118 mwezi wa kwanza, na riba yote ni 5,125. Muda mrefu unawagharimu 2,460 zaidi. Mimi ningeuchagua huo mrefu, na sababu iko kwenye tarehe zenu za kukopa.

Mkopo wa kwanza ni siku mbili kabla ya Krismasi. Wa pili, wiki ya kwanza ya Januari. Wa tatu, wiki ya mwisho ya Aprili. Ni safari ya nyumbani, shule kufunguliwa, kisha shule kufunguliwa tena. Hakuna aliyeugua wala kuibiwa. Mmekopa kwa sababu ya mambo ambayo yako kwenye kalenda ya kila mwaka, na mnapopanga bajeti ya mwezi hayaonekani kwa sababu hayaji kila mwezi. Karo ya 9,500 kwa muhula, mara tatu, ni 28,500. Sare, vitabu na viatu umeniandikia kama 8,000. Nauli na vitu vya Desemba 12,000. Jumla 48,500, ukigawa kwa miezi 12 ni kama 4,042 kila mwezi. Hiyo ndiyo pesa mnayoikosa. Bila kuitenga, Agosti muhula wa tatu ukifunguliwa mtakopa, hata kama mtakuwa mnakula sukuma wiki bila chumvi.

Basi tazama: ada za 6,240 zikiondoka na makato ya 2,118 yakiingia, mnabaki na 4,122. Ni karibu sawasawa na ile 4,042. Mkichagua miezi 12 mnabaki na 2,413, sanduku la shule halijai, na Agosti inawakuta vile vile. Kwa maoni yangu, 2,460 ni bei ndogo ya kutorudi kwenye apu. Friji ikiisha mtaongeza malipo, na kwenye mkopo wa salio linalopungua kila mnachotanguliza kinapunguza riba. Muulizeni tu afisa wenu kama wanatoza chochote kwa kulipa mapema au kwa kuongeza mkopo juu ya mwingine, maana baadhi ya Sacco hutoza. Ikiwa gharama hiyo inafika elfu kadhaa, linganisheni na 6,240 mnazopoteza kila mwezi kabla ya kukata tamaa.

Kuna mstari mmoja wa sheria mnaopaswa kuujua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema jumla ya makato ya mfanyakazi isizidi theluthi mbili ya mshahara wake. Kodi, SHIF (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni) na Sacco vyote vinahesabiwa humo. Afisa akisema hapana kwa sababu hiyo, hakuchukii, anawalinda. Na msidanganyike na wazo la kutoa ile akiba ya 110,000 kulipia madeni. Akiba inashikilia mkopo na huwezi kuitoa ukiwa bado unadaiwa, isipokuwa ujiondoe uanachama, nayo itafidia deni kwanza.

Friji iacheni. Mnalipa 150 kwa siku, zimebaki siku 120, itaisha katikati ya Oktoba. Bei yake ilishapangwa mwanzoni, na kwa kampuni nyingi ukilipa mapema hupunguziwi chochote. Piga simu uwaulize. Wakikupa punguzo la maana, fikiria. La sivyo, endelea hivyo hivyo. Oktoba mtapata 4,500 kila mwezi ambazo leo hamnazo, na nataka muamue sasa zitaenda wapi: 2,000 kwa dada yako, 2,500 kuongeza kwenye mkopo wa Sacco. Pesa inayoachwa huru bila kupewa kazi huliwa bila mtu kujua imeliwa na nani.

Dada yako hakutozi riba, na ndiyo sababu amewekwa mwisho kila mwezi. Mpigie kabla hajakupigia. Mwambie, "Nitaanza kukulipa Oktoba, elfu mbili kila tarehe 30, na sasa hivi sina." Ndugu wengi huumizwa zaidi na ukimya kuliko na kuchelewa.

Tufike kwa mama mkwe, kwa kuwa najua hapo pana moto. Umeandika 5,000. Kwenye taarifa ya mume wako, ukiongeza vile vipande vya 500 na 800 vya katikati ya mwezi, wastani ni 7,300. Sikuambii hiki ili ukamkabili nacho usiku. Nadhani hata yeye hajui jumla yake, na kila kipande kilikuwa na sababu: dawa za presha, mbolea, rambirambi. Sitakushauri mumkatie mama. Mzazi aliyezoea kupokea akikatiwa ghafla, pesa itatumwa kwa siri, na siri ndani ya nyumba yenye deni ni hatari kuliko hiyo 7,300. Kubalianeni iwe 5,000, yote ndani, itumwe tarehe moja, na mume wako mwenyewe ampigie mama amweleze kuwa wanalipa deni hadi wakati fulani. Wazee wetu wanaelewa deni. Wasichoelewa ni kunyamaziwa.

Zile 2,300 zinazobaki, 1,800 zimrudishe mtoto kwenye chakula cha shule. Hapo sitaki mjadala. Mtoto wa Gredi ya 5 akishinda na njaa hadi saa kumi hasomi, na jioni anakula mara mbili, kwa hiyo hamkuokoa hiyo 1,800 yote. Na 300 ziingie kwenye sanduku la mwaka kwa ajili ya bima ya afya ya SHA ya mama mkwe. Makato ya mume wako yanawafunika wewe na watoto, si wazazi. Mtu asiye na ajira mchango wake wa chini ni 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka. Mama wa presha asiyekuwa na bima ni harambee inayosubiri siku yake, na mwenye kuipokea simu ni mume wako.

Jikoni sina mengi, kwa sababu unajua kupika kuliko mimi. Ila taarifa yako inaonyesha unanunua kwa vipande: mafuta ya 50, sukari ya kupima, unga wa nusu kilo. Unafanya hivyo kwa sababu pesa inakuja kwa vipande, naelewa, lakini kila kipande kina faida ya muuzaji ndani yake. Mshahara ukiingia tarehe 28, kabla ya kitu kingine, nunua unga, mafuta, mchele na sabuni za mwezi. Hata mkigawana belo ya unga na jirani, pakiti sita kwako na sita kwake. Maharagwe yaloweke usiku, chemsha ya siku tatu kwa wakati mmoja, gesi itakaa. Nyama rudisheni mara moja kwa wiki, robo kilo. Nyumba iliyojinyima kila kitu huchoka siku moja na kula vya mwezi mzima kwa siku hiyo.

Umeme, angalia tokeni zako tu. Tangu 2023 bei ya uniti hutegemea wastani wa matumizi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100. Mkiwa mnavuka 100 kidogo, pasi na hita ya maji ndizo za kuangalia, friji haina makosa. Kuhama nyumba nimekuona umeuliza pembeni. Si sasa. Amana, kodi ya mwezi wa kwanza, gari la kuhamia na nauli mpya ya kwenda kazini vitawarudisha kwenye apu kabla hamjafaidi.

Je, Sacco wakikataa? Basi njia ni ndefu kidogo lakini ipo. Anza na mkopo wa 7,000. Ulipe wakati wa mshahara na usiukope tena, hata kama ni kwa kuuza robota kwa bei ya kutupa. Kuanzia mwezi ujao 1,050 zake zinaongezwa kwa ule wa 12,000. Pia wapigie wenye apu kabla ya tarehe ya kulipa, omba wakugawie mkopo kwa awamu bila ada mpya, na wakikubali waombe waandike. Tangu kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, lazima wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na hawaruhusiwi kutishia, kutukana wala kupigia watu walio kwenye simu yako. Wakifanya hivyo, hifadhi ujumbe na upeleke malalamiko Benki Kuu na kwa Kamishna wa Kulinda Data. Hilo halifuti deni, lakini linazuia aibu.

Na CRB, yaani ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, usiiogope kama jela. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Ichukueni wote wawili kabla ya kwenda Sacco. Sitaki mkutane na jina la deni mlilosahau mbele ya afisa.

Kuna wakati barua kama hii haitoshi. Ikiwa mtakapokaa mezani litajitokeza deni ambalo mmoja hakulijua, au kuna kamari ndani yake, msilimalize peke yenu usiku huo. Tafuteni mtu mzima mnayemwamini wote au mshauri wa ndoa, ana kwa ana. Ikiwa kuna barua ya dalali au ya mahakama, pelekeni siku hiyo hiyo kwa wakili. Kituo cha Sheria hapa Nairobi huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Ikiwa kazi ya mume wako itakwama na madeni yawashinde kabisa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina taratibu kwa mtu wa kawaida, ikiwemo amri ya kulipa kwa awamu, na wa kuwaelekeza ni ofisi ya Mpokezi Rasmi. Na umeniambia kwa sentensi moja tu kwamba hulali. Ikiwa ni zaidi ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru yanakujia wewe au yeye, nendeni hospitali, deni lisubiri.

Kwa Sacco nendeni pamoja, ijapokuwa mwanachama ni mmoja. Mshahara wa tarehe 28 ukiwa bado haujaingia, wiki hii, bebeni hati tatu za mwisho za mshahara, taarifa ya akiba na karatasi yenye neno 41,000 limeandikwa kwa kalamu. Afisa atageuza kompyuta awaonyeshe mnachoweza kupata. Atakapofanya hivyo, wewe ndiye utakayesukuma hiyo karatasi mbele.